Tusiikatae mialiko ya harusi za wafanyakazi wenzetu Japani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu barua ya msomaji mwenzangu aliyewashauri Waafrika Mashariki wanaofanya kazi Japani wakatae kwa upole mialiko ya harusi za wafanyakazi wenzao. Hoja zake zilikuwa tatu: kwamba mialiko hiyo ni gharama isiyo na faida, kwamba mgeni hukalishwa meza moja na watu ambao haelewi wanachosema, na kwamba fedha hizo zingewafaa zaidi wazazi waliobaki nyumbani. Nimeisoma barua hiyo zaidi ya mara moja, kwanza kwa sababu mwandishi wake ni mtu mwenye nia njema, na pili kwa sababu najua wapo vijana wengi watakaoufuata ushauri wake. Mimi ni fundi katika kiwanda cha vipuri vya magari mkoani Aichi, nimehudhuria harusi za wenzangu wa kazini, na naamini kwa dhati kwamba ushauri ule ukifuatwa utatunyima kitu ambacho mkataba wa kazi haumpi mtu yeyote.

Nianze na gharama, kwani ndiyo hoja aliyoitanguliza. Ni kweli kwamba mgeni haendi mikono mitupu. Fedha ya pongezi, ambayo wenyeji huiita goshugi, kwa kawaida ni yeni 30,000 kwa mfanyakazi mwenza au rafiki. Mkuu wa idara hutoa 50,000 au zaidi, na mume na mke walioalikwa pamoja aghalabu hutoa 50,000 kwa wote wawili. Kijana aliyeanza kazi juzi anaweza kutoa 20,000 bila kuonekana mchoyo, ila ni vema aigawe katika noti tatu, moja ya 10,000 na mbili za 5,000, kwa kuwa hesabu inayogawanyika mara mbili huepukwa katika mambo ya ndoa, kama zinavyoepukwa tarakimu 4 na 9. Sibishi kwamba yeni 30,000 ni fedha nyingi kwa mtu anayelipa pango, bima na kodi, kisha anatuma masurufu nyumbani kila mwisho wa mwezi.

Hata hivyo mwandishi ameihesabu fedha inayotoka mfukoni mwa mgeni, wala hakuigusa inayotoka mfukoni mwa maharusi. Ukumbi wa harusi Japani hutoza kwa kichwa. Kila kiti kina mlo kamili unaoletwa kwa awamu, vinywaji, kadi ya mezani yenye jina la anayekalia, na mfuko wa zawadi ambao mgeni huondoka nao. Ndani ya mfuko huo mara nyingi mna kitabu cha bidhaa, ambacho mgeni hukiperuzi kwake, akachagua kitu kimoja, akarudisha kadi kwa posta na kuletewa alichokichagua hadi mlangoni. Aghalabu mna pia keki, na inayopendwa sana ni ile ya Kijerumani yenye pete nyingi ndani, ambayo Karl Juchheim, Mjerumani aliyekuwa mfungwa wa vita, aliionyesha Hiroshima mwaka 1919; Wajapani waliipokea hadi wakaifanya keki ya kuwapa wageni wa harusi, kwa sababu pete zake huchukuliwa kuwa ni ishara ya miaka mingi ya kuishi pamoja. Ukijumlisha mlo, kinywaji na mfuko huo, utaona kwamba sehemu kubwa ya goshugi humrudia mgeni siku hiyo hiyo, na kwamba maharusi wengi bado hubaki na deni la kulipa wenyewe. Sisi tuliozoea kamati, vikao na kadi za michango tulipaswa kulielewa jambo hili kuliko wageni wengine wote, kwa maana tofauti ni ya wakati tu: kwetu mchango hutangulia sherehe, huko hukabidhiwa mlangoni siku yenyewe.

Anayeishi Hokkaido afahamu kwamba hesabu hii kwa sehemu kubwa haimhusu, kwani huko desturi ni ada moja iliyotajwa kwenye mwaliko, ambayo wageni wote hulipa sawa. Vivyo hivyo hafla ya pili ya vijana, inayofanyika jioni baada ya ile rasmi, huwa na ada yake iliyotangazwa mapema, na anayealikwa hiyo peke yake hadaiwi bahasha. Kijana ambaye kwa kweli hana uwezo anaweza kumwambia mwenzake kwamba atafurahi kuhudhuria hafla ya jioni, na hakuna atakayemwona mkosefu wa adabu.

Jambo ambalo barua ile haikulitazama kabisa ni maana ya kualikwa kwenyewe. Zamani mkuu wa kazi alialikwa kwa sababu ya cheo chake, na mara nyingi yeye na mkewe ndio waliosimama kama washenga wa maharusi hata kama hawakuwaunganisha. Mambo yamebadilika. Takwimu za Wizara ya Afya, Kazi na Ustawi wa Jamii ya Japani zinaonyesha kwamba ndoa zilizosajiliwa mwaka 1972 zilikaribia milioni 1.1, ilhali mwaka 2023 zilikuwa 474,741. Miongoni mwa hao wachache wanaooana, wengi hawafanyi sherehe yoyote, na wengine hula chakula na wazazi na ndugu tu. Tena sheria haiwalazimishi kufanya sherehe. Ndoa Japani hufungwa pale fomu inapokubaliwa katika ofisi ya manispaa ikiwa na saini za mashahidi wawili watu wazima, na mengi yanayofuata, iwe kanisani, hekaluni au ukumbini, hayaongezi wala kupunguza chochote mbele ya sheria. Kwa hiyo mtu anapoamua leo kuita wageni, na katika wageni hao akamweka mfanyakazi mwenzake aliyetoka Mbeya, Mombasa au Bujumbura, hakumweka kwa kubanwa na cheo wala sheria. Alikaa na mchumba wake, wakaandika majina, wakafuta mengine kwa sababu ya gharama, na jina letu wakaliacha. Kumjibu mtu huyo kwamba tuna shughuli nyingine, wakati hatuna, ni kumuumiza bila sababu, na Mjapani hatakuambia kwamba ameumia.

Nakubaliana na mwandishi katika jambo moja: wengi wetu huogopa. Hofu hiyo haitokani na fedha pekee. Tunaogopa kwamba tutafanya kitu kisichofaa mbele ya watu, na hofu ya namna hiyo hupungua mtu akielezwa mambo yalivyo. Kwa hiyo naomba uvumilivu wako, Mhariri, niyaeleze yale ambayo mwenzangu angeyaeleza badala ya kutuambia tusiende.

Bahasha yenyewe huuzwa katika maduka ya vifaa vya kuandikia na hata katika maduka madogo yanayokesha wazi. Imefungwa nyuzi ngumu za karatasi zilizosokotwa, nyekundu na nyeupe au dhahabu na fedha, na hapo ndipo penye kitu cha kuangaliwa. Zipo bahasha ambazo nyuzi zake zimefungwa kwa fundo la upinde, linalofunguka ukivuta ncha moja. Hizo ni za furaha zinazotamaniwa kujirudia, kama vile kuzaliwa kwa mtoto. Ya harusi lazima iwe na fundo lililokaza. Msimamizi wa zamu yetu, mzee mwenye maneno machache, alinionyesha mezani kwake wakati wa mapumziko ya chakula: alishika ncha mbili za nyuzi akazivuta polepole, na fundo badala ya kulegea likazidi kukaza. Hakuongeza maelezo, na hayakuhitajika. Kisha akanionyesha kwamba nyuma ya bahasha mkunjo wa chini ndio unaolala juu ya ule wa juu, kwa kuwa ukigeuza kinyume chake umetengeneza bahasha ya msiba. Jina huandikwa kwa kalamu ya wino mweusi uliokolea, na bahasha nzima hubebwa ndani ya kitambaa maalumu cha kuifungia, ambacho hufunguliwa mbele ya meza ya mapokezi, hapo mgeni anapoigeuza bahasha imtazame anayeipokea, akaikabidhi kwa mikono miwili na kusaini kitabu cha wageni.

Noti ziwe mpya. Hapa vijana wetu wamechanganyikiwa tangu Julai 2024, Japani ilipotoa noti za toleo jipya na sura ya Shibusawa Eiichi ikachukua nafasi ya Fukuzawa Yukichi kwenye noti ya 10,000. Kinachotakiwa ni noti ambayo haijatumika, isiyo na mkunjo, kwa kuwa inaonyesha kwamba mgeni aliijua siku hii mapema na kujiandaa. Hupatikana benki, lakini madirisha ya benki nyingi hufungwa saa tisa alasiri na harusi nyingi hufanyika Jumamosi au Jumapili, kwa hiyo anayesubiri hadi Ijumaa jioni amechelewa.

Kuhusu kadi ya majibu, ambayo huja pamoja na mwaliko miezi miwili au mitatu kabla ya harusi, ninaomba tuitilie uzito kuliko tunavyofanya. Siku hizi wengi hutuma mwaliko kwa simu, na jibu hujazwa humo humo, lakini uzito wake haukupungua. Ina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo si pambo, kwa maana idadi ya milo, viti na mifuko ya zawadi huagizwa kutokana na kadi hizo. Mgeni hutia alama mahali pa kuhudhuria, hukata kwa mistari miwili vile viambishi vya heshima ambavyo mwenyeji ameviweka kwa ajili yake, akaongeza sentensi ya pongezi kwa mkono wake. Mwaliko unamhusu yule ambaye jina lake limeandikwa. Nimeshuhudia mwenzetu akifika na rafiki yake wa chumba kimoja, kwa imani kwamba palipo na watu themanini hapakosi nafasi ya wa themanini na moja; ukumbi ukalazimika kuhamisha meza, mshereheshaji akasubiri, na bwana harusi, ambaye siku hiyo alipaswa kuwaza mambo mengine, akatoka kuja kuomba radhi kwa kosa lisilo lake. Mzigo huo hatukupaswa kumtwisha.

Katika kadi hiyo hiyo mara nyingi mna mahali pa kuandika vyakula visivyomfaa mgeni. Hili ni muhimu sana kwa ndugu zetu Waislamu, ambao baadhi yao hukataa mwaliko kwa sababu ya nyama ya nguruwe na pombe. Ukiandika wazi na mapema kwamba huli nguruwe, au huli nyama ambayo haikuchinjwa kwa utaratibu wa dini yako, kumbi nyingi zitakuandalia samaki au mboga, na mwenyeji atashukuru kwamba umemwambia kabla ya siku yenyewe. Wakati wa kuinua glasi za pongezi, inatosha kuinua ya maji ya matunda au chai baridi. Wapo Wajapani wengi wasiokunywa wanaofanya hivyo. Aidha, ibada ya ndoa inapofanyika katika hekalu la Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, kwa kawaida wanaoingia ni ndugu wa pande mbili na watu wa karibu sana, na wafanyakazi wenza hukutana nao baadaye ukumbini. Kwa Mkristo nako kuna jambo la kulitarajia. Maharusi wengi Japani hufunga ndoa kwa mtindo wa kikanisa, ilhali Wakristo katika nchi hiyo ni takriban asilimia 1 tu ya watu, na kanisa lenyewe mara nyingi ni jengo lililo ndani ya uwanja wa ukumbi wa harusi. Wapo waliokwazwa. Mimi nadhani mgeni hakuitwa kupima imani ya mwenyeji, bali kushuhudia ahadi yake.

Mavazi hayahitaji maneno mengi: mwanamume avae suti nyeusi au ya rangi iliyokolea na tai nyeupe au ya rangi ya fedha, kwa kuwa tai nyeusi ni ya msibani, mwanamke asivae nyeupe, ambayo ni ya bibi harusi. Anayetaka kuvaa kitenge au kanzu amuulize mwenzake kwanza. Wote niliowasikia wakiulizwa walifurahi.

Sasa nije kwenye hoja ya kukaa na watu ambao huelewi wanachosema, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko ile ya fedha. Sherehe huchukua takriban saa mbili na nusu na hufuata muda kama ulivyoandikwa. Mapokezi hufunguliwa nusu saa hivi kabla, na ikiandikwa saa sita kamili, saa sita kamili taa huzimwa na maharusi huingia. Hotuba ni nyingi na Kijapani chake ni kigumu, hata kwa mwenye cheti cha lugha. Lakini hebu mgeni atazame jinsi watu walivyopangwa. Meza zilizo mbele kabisa, karibu na maharusi, ni za wakuu wa kazi, wafanyakazi wenza na marafiki. Wazazi na ndugu wa damu wamekaa nyuma, na meza ya wazazi ndiyo ya mwisho kabisa, karibu na mlango. Siku hiyo familia ndiyo mwenyeji, na mwenyeji hajipi kiti cha mbele. Fundi wa zamu, mtu wa kutoka nje, amekalishwa mbele ya mjomba wa bwana harusi, na haihitaji cheti chochote cha lugha kuelewa amepewa heshima gani.

Katika harusi ya mwenzangu niliyefanya naye kazi mashine ya kukereza vyuma, yule aliyenifundisha kusoma maikromita, kifaa cha kupimia vipimo vidogo sana, nilipokuwa sijui hata kuomba nirudiwe maelezo, bibi harusi alisoma barua kwa wazazi wake kama ilivyo desturi kuelekea mwisho wa sherehe. Sikuielewa yote. Alizungumzia vyakula ambavyo mama yake alimfungashia alipokuwa akisoma, na baba yake alisimama wima, mikono imenyooka juu ya mshono wa suruali, akitazama juu ya vichwa vya watu. Baada ya hapo baba wa bwana harusi alitoa shukrani kwa niaba ya familia zote mbili. Alipomaliza kutaja wakuu, aligeuka kuelekea meza yetu, akasema kwamba mwanawe hupenda kusimulia nyumbani habari za watu wa kiwandani, na akainama kwetu muda mrefu. Meza nzima tuliinuka na kuinama naye. Mwenzangu aliyeandika barua asiniambie kwamba pale nilikuwa mtu nisiyeelewa kinachosemwa.

Niongeze neno kuhusu picha, kwa sababu linatuharibia jina. Picha za ukumbini ni nyingi na kila mtu hupiga, lakini kuziweka mitandaoni sura za bibi harusi na wageni wake bila kuwauliza ni jambo linalowakera sana wenyeji, ambao wengi wao hawapendi sura zao zionekane na watu wasiowajua. Tupige, tuwatumie maharusi wenyewe, na tusubiri ruhusa.

Katika suala la fedha kuwafaa zaidi wazazi, nitajibu kwa yaliyonipata. Baba yangu alifariki nikiwa Japani. Kabla sijapanda ndege kwenda kuzika, msimamizi wa zamu alinikabidhi bahasha kutoka kwa wenzangu, zikiwa zimefungwa nyuzi nyeusi na nyeupe, pamoja na karatasi yenye orodha ya majina ili nijue nani alitoa nini, maana desturi inamtaka aliyefiwa arudishe zawadi ndogo ya shukrani baadaye. Fundo la bahasha za msiba ni lile lile lililokaza, kwa kuwa msiba nao huombewa usijirudie. Majina yaliyokuwemo katika orodha ile yalikuwa ya watu niliokaa nao meza moja harusini na ya maharusi wawili niliowahi kuwapelekea bahasha zangu. Fedha ile ilisaidia nauli, na iliyobaki ilifika kwa mama. Sitaki kudai kwamba mtu aende harusini kwa kutegemea kwamba siku moja atalipwa. Anayekwenda kwa hesabu hiyo ni afadhali asiende. Nasema tu kwamba goshugi, rambirambi, zawadi ya mtoto anapozaliwa na ile ya kumpongeza anayehamia nyumba mpya ni mzunguko mmoja wa watu wanaokumbukana, na ukijitoa katika furaha zao huna mlango wa kuwaingizia huzuni zako. Wanaoishi peke yao katika vyumba vidogo vya kampuni, mbali na kila ndugu, wasichukulie jambo hili kuwa dogo.

Ndiyo maana lawama zangu siwaelekezei vijana wanaokataa mialiko, bali namna tunavyoandaliwa. Vijana wa Afrika wamekuwa wakienda Japani kusoma shahada za uzamili na kujifunza katika makampuni kupitia mpango wa ABE, ufadhili wa serikali ya Japani kwa vijana wa Afrika, ulioanza kupokea wanafunzi mwaka 2014. Tangu Aprili 2019 Japani imekuwa ikitoa viza za wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, na mfumo wa wanagenzi uliokuwepo tangu 1993 utapisha mfumo mwingine kuanzia 2027, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2024. Mafunzo ya kabla ya safari niliyoyaona mimi yalikuwa ya lugha, usalama kazini, kutenganisha taka na kupanda treni. Yote yana faida. Lakini hayakuwa na hata saa moja ya kueleza nini hufanyika mfanyakazi mwenzako anapooa, anapofiwa au anapopata mtoto, ilhali hayo ndiyo yatakayomkuta mtu mapema kuliko tetemeko la ardhi. Naziomba taasisi zinazowaandaa vijana wetu, na vyama vya Watanzania, Wakenya na wengineo vilivyoko Japani, watenge muda wa kufundisha hayo kwa vitendo: bahasha ishikwe, kadi ijazwe, bei zitajwe bila aibu. Aliyekwisha kuhudhuria aitwe awaeleze wapya. Kazi hii haihitaji bajeti.

Mwandishi wa barua ile amesema pia kwamba kukataa ni haki ya mtu, na hapo hajakosea. Zipo nyakati ambapo mtu kweli hawezi: zamu haina wa kuishika, mgonjwa yuko nyumbani, au mshahara umekwisha kwa ada ya mdogo wake. Katika hali hiyo amwone mwenzake ana kwa ana kabla ya kurudisha kadi, kisha airudishe mapema akieleza kwa maneno machache kwamba ana shughuli isiyoepukika, bila kutaja maradhi wala msiba katika kadi ya harusi. Anaweza kumpa zawadi au bahasha ya yeni 10,000 kabla ya siku hiyo, au akatuma telegramu ya pongezi, ambayo Japani bado ipo na husomwa na mshereheshaji mbele ya wageni. Ielekezwe ukumbini ikiwa na jina la ukumbi, tarehe na saa ya sherehe, na ifike angalau siku moja kabla.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi, mkoani Aichi, Japani